Uzi: Kuipa umbo ngozi iliyokwisha kutumika – vipimo, joto, kalibu, na kinachoharibu kazi

FundiKalibu (mleta uzi)

Wakuu, nafungua uzi huu kwa wabunifu wanaotaka kuipa umbo ngozi iliyokwisha kutumika: ya makochi, majaketi, mikanda, mabuti, mikoba, hata vibaki vya karakana. Sizungumzii kushona viraka bapa. Nazungumzia ukosi unaosimama wenyewe, bega lililotuna, mkoba wenye tumbo, kifuniko chenye mgongo.

Maelekezo mengi yameandikwa kwa ngozi mpya ambayo muuzaji anajua ilivyotengenezwa. Ngozi kuukuu haina maelezo. Hujui ilidabaghiwa (ilitiwa dawa ya kuizuia isioze) kwa kitu gani, ilipakwa nini juu, wala imekula jasho na jua kiasi gani. Ndiyo maana nasisitiza tangu mwanzo: kipande ndicho kinachochagua mbinu, mchoro unafuata. Ukichora kwanza ukaenda kutafuta ngozi ya kutii mchoro, utaharibu vipande vingi bure.

Kabla ya kugusa maji, fanya hivi kwa kila chanzo cha ngozi. Kochi moja linaweza kuwa na ngozi ya aina moja kwenye viti na nyingine kabisa mgongoni, basi usipime mara moja ukadhani umemaliza.

Kata kingo kwa wembe mpya uangalie ndani. Ya kahawia au rangi ya mchanga mpaka katikati, huenda imedabaghiwa kwa magome na mimea. Yenye mstari wa kijivu au bluu iliyofifia katikati, ni ya kromu, yaani ilidabaghiwa kwa chumvi za madini ya kromu. Nyeupe au krimu kabisa, huenda haina kromu wala mimea. Ngozi nyingi za viti vya magari ziko hivyo. Ukiona kitambaa au tabaka la plastiki lenye vitundu vidogo, hiyo si ngozi, na ukiona unga ulioshikamanishwa badala ya nyuzi, hayo ni mabaki yaliyosagwa na kugandishwa. Hayo mawili ya mwisho weka pembeni.

Halafu tone la maji upande wa uso (uliokuwa na manyoya). Likizama ndani ya nusu dakika, ngozi iko wazi. Likibaki limeviringika, kuna rangi ya juu au mafuta, na utahitaji kulowesha kupitia upande wa nyama (wa ndani).

Mwisho, kunja kipande kwenye fito ya milimita 5, uso ukiwa nje. Uso ukipasuka hapo, usitarajie kupata bakuli. Ngozi hiyo ina mikunjo mipana tu ndani yake.

NtaMoto

Ongeza kipimo cha chuma, mkuu. Loweka stilwaya inayoshika kutu (isiyoshika haifai) kwenye siki siku mbili au tatu, chupa isifungwe kabisa kwa sababu inatoa gesi. Chuja. Tone moja kwenye upande wa nyama: ngozi ya mimea inageuka nyeusi au bluu-nyeusi kwa dakika moja au mbili, kwa sababu chuma kinaungana na tanini, ile dawa ya magome na mimea inayodabaghi ngozi. Ya kromu inabaki ilivyo au inachafuka kidogo tu.

Bi_Msharasi

Kipimo hicho cha chuma kinadanganya peke yake, ndugu NtaMoto. Ngozi nyingi za mabuti na mikoba hudabaghiwa kwa kromu kisha zikaongezewa tanini za mimea ili zijae na zikubali kuchapwa. Tone la chuma litaweusika, wewe utafurahi umepata ngozi ya kukalibu (kuipa umbo kwa kalibu, yaani umbo gumu la mbao au jasi), halafu ukishaikausha inalegea kama kitambaa. Kinachoamua ni maji ya kuchemka. Kata ukanda wa milimita 5 kwa 50, utumbukize dakika moja. Wa mimea unajikunyata mara moja na kuwa mgumu kama kucha. Wa kromu unabaki karibu urefu uleule. Ukiona chuma kimeweusisha lakini maji ya kuchemka hayakufanya kitu, hiyo ni mchanganyiko, na unaishughulikia kama ya kromu.

Na msichome ngozi kwa moto ili kunusa harufu au kutazama rangi ya jivu. Ngozi ya kromu ikiungua inaweza kutoa kromu ya aina yenye sumu. Hakuna kitu ambacho moto utakuambia ambacho maji hayajakuambia.

FundiKalibu

Sahihi kabisa, dada. Chuma kinauliza swali moja tu: je, kuna tanini? Hakisemi kama kuna kitu kingine.

Sasa kipimo ninachokithamini kuliko vyote: joto la kusinyaa. Ngozi iliyolowa ina kiwango cha joto ambapo nyuzi zake za kolajeni zinaachia mpangilio wake na kuanza kugeuka kuwa kama sherizi. Hapo hairudi. Ngozi mpya ya mimea hufika hapo kati ya nyuzijoto 70 na 85 hivi. Ya kromu karibu 100 au zaidi. Lakini ngozi kuukuu ya mimea iliyochakaa inaweza kuanza chini ya 60, na kwa macho huwezi kuitofautisha na nzima.

Namna ya kupima nyumbani: loweka ukanda wa 5 kwa 50 kwenye maji ya kawaida kwa nusu saa, uning'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji baridi, chini yake funga kipande kidogo cha chuma kisichoshika kutu ili unyooke. Weka kipimajoto kando yake, kisigusane na sufuria. Pasha polepole, kama nyuzijoto 2 kwa dakika. Andika nyuzijoto ambayo ukanda unaanza kufupika. Kazi yoyote ya maji ya kawaida ifanyike angalau nyuzijoto 15 chini ya hapo. Kazi ya kusinyaza kwa makusudi, ambayo tutaifikia, huanzia hapohapo.

Chukua vipande vitatu kutoka sehemu tofauti. Sehemu iliyokaa juani itashindwa mapema kuliko iliyofunikwa chini ya mto.

UziWaKatani

Na ile ngozi ya zamani inayoacha unga mwekundu mikononi? Ya mikanda na mabegi ya kale. Inaweza kulowekwa ikarudi?

Bi_Msharasi

Usiiloweke. Huo ni uozo mwekundu. Gesi ya salfa ya hewani imegeuka tindikali ndani ya ngozi ya mimea na kuzikata nyuzi. Ukiweka maji inaweusika palepale na kukakamaa kama gaga la kidonda, na hakuna kinachoirudisha. Haina nguvu ya kuvutwa. Kama unaipenda kwa sura yake, ibandike kavu juu ya kitambaa cha turubai na uitumie mahali pasipokunjwa. Umbo lolote litabebwa na turubai, si na hiyo ngozi.

FundiKalibu

Tuingie kwenye kusafisha, halafu kukalibu kwa maji. Nitaenda taratibu maana hapa ndipo kazi nyingi zinapofia.

Ngozi kuukuu ina nta, rangi ya viatu, mafuta ya nywele, na pengine silikoni ya vipuliza vya kung'arishia. Vyote vinazuia maji kuingia sawasawa, na maji yasipoingia sawasawa ngozi haivutiki sawasawa. Anza kwa maji ya uvuguvugu ya nyuzijoto 30 mpaka 35 yenye sabuni laini kidogo, sugua pande zote mbili kwa sifongo, suuza mara mbili. Usitumie sabuni ya unga wala magadi, kwa kuwa ngozi yenyewe huwa na tindikali hafifu na vitu hivyo huivuruga. Penye mafuta mazito pitisha pamba yenye spiriti nyeupe (ya kuyeyushia rangi ya mafuta), dirisha likiwa wazi na jiko likiwa limezimwa, uache ikauke kabisa kabla ya kuosha.

Ukungu: pangusa kwa spiriti ya alkoholi ya asilimia 70 pande zote mbili, kausha, halafu ndipo uoshe. Ukilowesha kwanza unausambaza.

Rangi ya juu ikiwa nene una njia mbili. Ya kwanza ni kuisugua kwa msasa namba 220 kisha 320 mpaka tone la maji lizame, ukiwa umevaa barakoa ya vumbi. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kugeuza ngozi na kufanya upande wa nyama kuwa uso wa nguo. Asetoni huyeyusha vanishi za zamani, lakini rangi za plastiki zilizokwisha kukomaa haziyeyuki. Zinavimba na kung'oka mabaka mabaka. Na ukikalibu ngozi yenye rangi nene bila kuiondoa, rangi itapasuka pale ngozi inapovutika zaidi, yaani palepale jicho linapotazama.

Kulowesha sasa. Ngozi ya mimea ya milimita 2: zamisha kwenye maji ya uvuguvugu mpaka viputo viishe kutoka, huwa dakika 5 mpaka 15. Toa, futa maji ya juu, funga kwenye nailoni, acha usiku mmoja. Usizidishe saa 24, ngozi kuukuu inaota ukungu haraka. Asubuhi ifungue uiache hewani mpaka rangi yake ya kawaida ianze kurudi usoni huku ukiigusa bado ni baridi. Huo ndio wakati wake. Ikiwa bado inachuruzika, nyuzi zinateleza na umbo halishiki. Ikiwa imekauka zaidi, itagoma na kurudi nyuma.

KiolezoTupu

Swali kuhusu kalibu dume na jike (umbo linalosukuma ngozi na tundu linaloipokea). Nafasi kati yake iwe kiasi gani? Watu wengi wanasema "unene wa ngozi" halafu inabana mpaka inakatika ukingoni.

FundiKalibu

Kwa sababu wanaongeza unene mara moja tu. Ngozi inapita pande zote mbili za dume. Dume likiwa na upana wa milimita 100 na ngozi ina milimita 2, tundu la jike liwe 104. Kama ngozi ni laini na inabonyea, 103.5 inatosha na inatoa kona kali zaidi. Na pima unene sehemu tano au sita: ngozi ya kochi inaweza kuwa 0.9 mahali fulani na 1.2 sentimita ishirini mbele yake. Chukua kipimo kikubwa.

Ukingo wa tundu la jike lazima uwe mviringo. Kwa ngozi ya milimita 2, weka mviringo wa nusu kipenyo usiopungua milimita 3. Ukingo mkali ndio unaokata.

Mbao ipakwe vanishi na skrubu zote ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kikigusa ngozi ya mimea iliyolowa unapata mabaka ya bluu-nyeusi, ni ileile kemia ya kipimo cha chuma. Hata kibanio cha nguo chenye waya wenye kutu kinatosha kuharibu. Doa likiwa jipya, maji ya limao hulififisha. Likiingia ndani, panga kuipaka ngozi yote rangi nyeusi.

Kalibu ya jasi ni nzuri kwa kuwa inanyonya maji na kuharakisha ukaukaji, ila nayo ikaushwe kati ya kazi moja na nyingine. Kalibu zilizochapwa kwa printa ya 3D kwa plastiki ya PLA zinafaa kwa maji ya uvuguvugu pekee; PLA inaanza kulegea karibu na nyuzijoto 60.

UziWaKatani

Na mikunjo pembeni? Ukiwamba juu ya bakuli huwa inajaa upande mmoja.

Bi_Msharasi

Vuta kwa msalaba. Bana kaskazini, kusini, mashariki, magharibi kwanza, kisha katikati ya hizo, kisha katikati tena, kama fundi viatu anavyowamba juu ya kalibu ya mguu. Ukianza mahali pamoja ukazunguka, ngozi ya ziada yote unaisukumia mwisho na hapo ndipo mkunjo unapokaa. Kina kisizidi theluthi ya kipenyo kwa ngozi kuukuu. Ukitaka zaidi, fanya mara mbili: kalibu ya kina kifupi, acha ikauke nusu, lowesha tena kwa sifongo, ingiza kwenye ya pili.

Angalia pia uelekeo. Ngozi inavutika kidogo kufuata uti wa mgongo wa mnyama na zaidi kwa upana. Ya tumbo inavutika ovyo. Kwenye kipande kidogo cha jaketi hujui mgongo uko wapi, basi vuta kwa mikono pande zote na uchore mshale kwa chaki upande wa nyama. Sehemu iliyokaliwa miaka mingi imekwisha kuvutika, haina kilichobaki. Iweke mahali pa bapa pa umbo lako.

Tena, matundu ya mishono ya zamani. Yakiangukia mahali pa kuvutwa yanafunguka kuwa macho na kisha kupasuka kutoka moja kwenda jingine. Yaweke angalau milimita 15 kutoka sehemu ya mvuto, au bandika shashi ya pamba nyuma yake kwa gundi kabla ya kukalibu.

Kukausha ni saa 24 mpaka 48 kivulini, feni ikipuliza kwa mbali. Jua linakausha uso kwanza, uso unasinyaa ndani bado pana maji, na unapata nyufa ndogo zisizofichika.

MabegaMapana

Wakuu, haya yote ni ya ngozi ya mimea, lakini karibu kila jaketi na kochi tunalookota ni kromu. Ndiyo wingi wa malighafi. Tufanyeje nayo?

FundiKalibu

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, asante. Ngozi ya kromu haina kumbukumbu ya umbo inapokauka. Unailowesha, unaiwamba, inakauka, unaitoa, inalegea. Basi usiiombe ishike umbo kwa nyuzi zake. Ipe kitu kingine cha kushikia.

Njia ya kwanza ni tabaka zilizogandishwa zikiwa juu ya kalibu. Vipande viwili vya milimita 0.8 mpaka 1, nyama kwa nyama, kati yake gundi. Ukivipinda pamoja kabla gundi haijakauka, vinateleza kidogo kimoja juu ya kingine. Gundi ikikauka haviwezi tena kuteleza, na ili vinyooke vingelazimika kuteleza. Umbo limefungwa. Kwaruza pande zote za nyama kwa msasa wa 120, paka gundi nyeupe ya mbao tabaka jembamba pande zote mbili, weka juu ya kalibu, funga kwa mikanda ya mpira wa baiskeli, acha saa 12. Ukitaka ugumu zaidi, katikati weka turubai ya pamba iliyokatwa kimshazari ili nayo ikubali kupinda. Kalibu iwe imepinda zaidi ya umbo unalotaka, kwa sababu itafunguka kidogo ukiitoa. Fanya ukanda wa majaribio ujue inafunguka kiasi gani.

Gundi ya viatu ya mpira haifai hapa. Inashika sana lakini inabaki laini, na kitu kilichopinda kinavuta taratibu mpaka gundi inatambaa. Ndani ya wiki chache ukosi umelala.

Njia ya pili ni kukata mipasuo. Mistari sambamba ya kupishana, kila mpasuo milimita 30, daraja kati ya ncha za mipasuo milimita 6, umbali kati ya mstari na mstari milimita 5. Ngozi bapa inavutika na kupanda juu ya bega bila mvuto wowote kwenye nyuzi. Ncha ya kila mpasuo itobolewe tundu la milimita 1.5, bila hivyo mpasuo unaendelea kutembea. Ngozi iliyochoka inahitaji madaraja mapana zaidi, 8 hivi.

Tazameni pia kazi ya Elvis & Kresse wa Uingereza, wanaokata mabaki ya ngozi kuwa vipande vinavyofungamana na kusukwa kwa mkono. Ukibadili ukubwa wa vipande kutoka katikati kwenda pembeni, mfumo wa namna hiyo unaweza kujikunja kuwa umbo bila kalibu. Na kipande kimoja kikichanika, unabadili hicho tu.

NtaMoto

Mimi nipinge kidogo kuhusu gundi nyeupe. Tunafanya kazi hii ili ngozi isitupwe. Ukiigandisha hivyo, atakayeichukua baada yetu hawezi kutenganisha tabaka. Uji wa wanga wa ngano unafaa kwa maumbo mengi mepesi: sehemu 1 ya wanga kwa 5 za maji, koroga motoni mpaka ung'ae na uwe mzito, upoze, upitishe kwenye chujio. Wajalidi wa vitabu wameutumia kwenye ngozi kwa karne nyingi. Ukilowesha, unaachia. Tone mbili tatu za mafuta ya karafuu husaidia kuzuia ukungu.

FundiKalibu

Nakubaliana nawe kwa ukosi, kofia na vifuniko. Kwa kitu kitakachonyeshewa, uji utaachia mvua ikinyesha, na nguo inayobomoka njiani nayo inaishia jalalani. Kila mtu apime kwa matumizi. Ninachoomba ni kuandika kwa kalamu upande wa ndani ni gundi gani imetumika. Haichukui hata dakika.

Bi_Msharasi

Kabla watu hawajaingiza ngozi ya kromu kwenye oveni: kromu iliyomo ni ya aina ya tatu, lakini joto kavu, miale ya jua na mazingira yenye magadi huweza kugeuza sehemu yake kuwa aina ya sita, inayosababisha mzio mkali wa ngozi. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 1 Mei 2015, hauruhusu kuuza bidhaa za ngozi zinazogusa mwili zikiwa na miligramu 3 au zaidi za kromu hiyo kwa kilo ya ngozi kavu. Basi msiweke kromu kwenye oveni, msitumie bunduki ya hewa moto kwa muda mrefu, msiioshe kwa amonia. Nguo inayogusa shingo au kwapa iwe na bitana.

MabegaMapana

Nimeelewa. Sasa kusinyaza kwa makusudi mlikokutaja?

NtaMoto

Ngozi ya mimea tu, unene wa milimita 2 mpaka 4: mikanda, soli, mikoba ya zamani. Kwanza tengeneza orodha yako. Kata kanda nne za milimita 100 kutoka ngozi hiyohiyo, zilowe vizuri kwenye maji ya kawaida, kisha zizamishe kwenye maji ya nyuzijoto 80 kwa sekunde 10, 20, 40 na 60. Pima urefu uliobaki. Utaona urefu unapungua na unene unaongezeka, na zile za muda mrefu zikikauka zinavunjika kama ubao mwembamba. Chagua muda ambao ukanda uliokauka unakubali kupindwa kidogo bila mlio wa kupasuka. Kwa ngozi kuukuu, muda huo ni mfupi sana, mara nyingine sekunde 10 tayari ni nyingi. Hapo shusha joto, usibahatishe.

Jambo zuri ni kusinyaza sehemu tu. Chukua duara la milimita 200, lilowe lote maji baridi ili lisinyonye maji ya moto kwenda katikati. Weka maji ya moto ya kina cha milimita 30 kwenye sufuria pana, viringisha duara kama gurudumu, kila sehemu sekunde 10. Ukingo unafupika, katikati haijafupika, kwa hiyo katikati inalazimika kutuna. Unapata kuba bila kalibu, kama kitambaa kilichovutwa uzi pindoni. Ukifanya kinyume, yaani kumimina maji ya moto katikati tu, ukingo unabaki mrefu na kujikunja mawimbi kama jani la kabichi. Kwa mabega na kola, hayo mawimbi ni mali.

Ukitoka majini una dakika chache tu ambazo ngozi ni kama mpira. Tengeneza haraka, kisha usiiguse.

KiolezoTupu

Na ile mbinu ya kufungia gololi kwenye ngozi ili ibaki na vipele?

NtaMoto

Ni ndugu wa kusinyaza huko. Ngozi ya milimita 1 mpaka 1.5, ilowe, sukumia gololi kutoka upande wa nyama, funga shingo yake kwa uzi wa pamba mara nne tano. Acha nafasi ya angalau kipenyo kimoja na nusu kati ya gololi na gololi, vinginevyo ngozi inaisha kabla hujamaliza. Zamisha sekunde 5 tu kwenye nyuzijoto za joto lako la kusinyaa, kausha siku mbili, kata uzi, toa gololi. Vipele vinabaki vimesimama. Vinavyolala ni vile vilivyofunguliwa kabla shingo haijakauka ndani. Uzi unaficha unyevu.

UziWaKatani

Pampu ya kunyonya hewa ina faida gani kuliko vibanio?

FundiKalibu

Inasukuma kila mahali kwa usawa. Ukishusha shinikizo kwa baa 0.8, ni sawa na tani 8 kwa mita ya mraba, na hakuna alama za vibanio. Weka ngozi juu ya kalibu, juu yake kitambaa chembamba cha pamba na wavu wa plastiki ili hewa ipate njia, kisha mfuko. Bila wavu, mfuko unajibana pembeni kwanza na hewa inabaki katikati. Weka chupa ya kudaka maji kati ya mfuko na pampu, kwa kuwa ngozi iliyolowa itatoa mvuke na mvuke unaharibu mafuta ya pampu. Kalibu iliyo wazi ndani itabonyea, basi iwe imejaa au imejazwa mchanga. Mfuko haukaushi: saa 3 zinatosha kuchukua umbo, kisha toa, bana kidogo kingo, ikauke hewani ikiwa bado juu ya kalibu.

MabegaMapana

La mwisho kutoka kwangu: nta ya kukazia inaingia lini, kabla ya kushona au baada?

Bi_Msharasi

Kata kingo, paka rangi, toboa matundu yote kwa msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi), halafu ndipo nta. Baada ya nta, rangi haiingii na gundi haishiki. Ngozi lazima iwe kavu kabisa: ipime kwa mizani kila baada ya saa chache mpaka uzito usibadilike tena. Nta ya nyuki inayeyuka karibu na nyuzijoto 62 mpaka 64, na unaifanyia kazi ikiwa 70 na kitu; ngozi kavu inastahimili hapo, yenye unyevu itasinyaa mikononi mwako na umbo lote litapinda. Yeyusha kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, usiweke nta moja kwa moja juu ya moto. Zamisha mpaka viputo viishe, toa, futa ziada ikiwa bado ya moto.

Mteja aambiwe asiache kitu hicho ndani ya gari lililofungwa juani, nta italegea. Kwa kitu kitakachokaa kwenye joto hivyo tumia sheleki (aina ya vanishi) iliyoyeyushwa kwenye spiriti ya alkoholi, mipako mitatu miembamba upande wa nyama.

Kushona ni kwa sindano mbili, uzi wa katani uliopakwa nta, matundu kwa umbali wa milimita 4 mpaka 5. Usiyakaribishe zaidi kwenye ngozi kuukuu, yatakuwa kama mstari wa stempu na hapo ndipo itakapochanika. Vuta kila mshono kwa nguvu ileile, na kwenye gamba gumu usitegemee uzi kuvuta kingo zikutane. Zikutanishe kwanza kwa vibanio.

MabegaMapana

Matundu ya msharasi yanaziba nta ikiganda. Yatobolewe tena?

Bi_Msharasi

Hapana, pasha msharasi kwenye maji ya moto, uufute, upitishe. Nta inaachia bila kupanua tundu.